Neno Lililokuwa Ukutani kwa Mama Goreti

Jumamosi, tarehe 14 Septemba 2013, saa tatu asubuhi, nilikuwa nikizungusha mpini wa mashine ya kudurufu katika chumba cha nyuma cha ofisi ya ulezi wa wanachuo, mikono imejaa wino hadi kwenye viwiko. Nilikuwa nikitoa nakala za kijitabu ambacho kila mwaka niliwagawia wanachuo wapya: kurasa kumi na mbili za mambo ya kuona, kula na kufanya katika mji wetu wa Kasulu. Nilikuwa nimefika ukurasa wa saba, ule wa chakula, pale Neema, mwanachuo wa mwaka wa pili, alipoingia bila kubisha hodi.

"Madamu, Mama Goreti amechukuliwa."

"Na nani?"

"Wale wa msako. Wamempakia kwenye gari na mwiko mkononi. Halafu wakarudi kuupiga picha ukuta."

Mwaka ule maofisa walikuwa wakipita mkoani wakitafuta watu wanaoishi nchini bila vibali. Mama Goreti alikuwa mama lishe aliyekuwa na banda nyuma ya uzio wa chuo, na alikuwa raia wa Tanzania mwenye cheti. Niliuachia mpini wa mashine, nikatazama karatasi iliyodondoka mwisho. Ilikuwa inamhusu yeye. Katika mstari wake wa kwanza, kwa herufi nilizozipiga mwenyewe, palikuwa na neno lililompeleka alikopelekwa.

Ninaandika haya nikiwa nyumbani Kibondo, mwaka 2015, miezi michache tangu nistaafu kwa hiari, kwa ajili ya walezi na walimu vijana walioniomba niwaachie uzoefu. Anayetaka kujua nilipandishwa cheo lini ataikuta habari hiyo kwenye jalada langu, ikiwa panya wameibakiza. Mimi nitaeleza jinsi nilivyojifunza kazi, na jinsi nilivyoiharibu siku moja kwa ukaidi. Jina la chuo sitaliandika. Waliokuwepo wanalijua, na wasiokuwepo halitawasaidia kitu.

Siku yangu ya kwanza Kasulu niliaibishwa na muuza ndizi. Nilikuwa mwalimu mpya wa Kiswahili, nimetoka kusoma mbali, nina njaa. Nikamfikia mama mmoja sokoni nikamwuliza, "Mkungu huu bei gani?" Hakunijibu. Nikarudia kwa sauti. Akamgeukia jirani yake na kumwuliza kwa Kiha kama naye amesikia mtu akisalimia, maana yeye alisikia kelele tu. Wakacheka wote wawili. Mimi ni Mha wa Kibondo. Nilifundishwa kusalimia kabla ya kufundishwa kutembea. Kwetu mwanamke humsalimia mkubwa wake kwa kuinama, viganja vikigongana taratibu, akauliza habari za nyumba, za watoto na za mifugo, ndipo aje kwenye shida yake. Miaka ya mabweni ilikuwa imenipukutisha hayo yote. Niliinama pale pale katikati ya maganda ya ndizi, nikaanza upya. Nilipata mkungu, na nyongeza ya ndizi tatu za kuiva.

Tukio hilo ndilo lililozaa kijitabu. Wanachuo wetu walitoka kila pembe ya nchi, na wengi walishuka kwenye basi wakiamini wametupwa. Wiki ya kwanza walilia, wiki ya pili walimkosea mtu sokoni, wiki ya tatu waliandika barua za kuomba uhamisho. Nikaona dawa ni kuwaeleza mji ulivyo. Kanuni ya kwanza, ukurasa wa kwanza, haikubadilika hata mwaka mmoja: Salimia kwanza. Kabla ya saa sita sema "mwakeye", kisha subiri ujibiwe.

Aliyenifundisha kukitengeneza alikuwa Bi. Mwajuma, mpiga chapa wa chuo, ambaye babu zake walifika Ujiji kutoka pwani na biashara ya nguo na hawakurudi. Alikuwa mwembamba, mkali, na aliivalisha taipureta yake kitambaa cha shela kila alipomaliza kazi, kana kwamba ni mwari. Nyinyi mliokuta kompyuta hamkuijua stensili. Ni karatasi ya nta. Kila herufi unayoipiga inaitoboa, na kilichotobolewa hakirudi. Kulikuwa na dawa nyekundu ya kupaka penye kosa, lakini Bi. Mwajuma aliidharau. Alisema mwenye kuizoea dawa huzoea na kosa.

Alinipa taratibu mbili. Ya kwanza: kabla ya kupiga stensili, msomee kwa sauti mtu unayemwandika, naye akubali. Ya pili aliitamka huku akinikazia macho juu ya miwani. "Mwanangu, ukishaisoma kama mwandishi, isome tena kama mtu asiyempenda huyo uliyemwandika. Yupo. Na karatasi yako itamfikia." Ya kwanza niliifuata miaka yote. Ya pili niliiona ni woga wa wazee.

Sasa mji wenyewe. Wageni huambiwa Kasulu ni mji wa mpakani, wa vumbi jekundu na malori ya misaada. Waliosoma hapo nyakati zile wanajua ulikuwa mji wa watu waliopenda maneno. Alfajiri za kiangazi tuliwapandisha wanachuo kilima cha Heru Juu kwa miguu, wakatazama ukungu umelijaza bonde mpaka vilele vya mikaratusi vikaonekana kama vijiti vilivyochomekwa kwenye maziwa. Kulikuwa na fundi viatu kando ya soko aliyewasomea wateja wake magazeti ya mwaka juzi kwa sauti ya mtangazaji, na wateja waliyajadili kama ya leo. Jamaa za Bi. Mwajuma waliuza vitumbua na mkate wa kumimina. Kila Alhamisi mzee mmoja Mkongo kutoka kambi ya jirani alifika na kibali chake mfukoni kuwafundisha wanachuo gitaa, na alipowapongeza alisema, "Bien, bien, lakini kidole ile iko inalala." Na asali ya Kibondo niliiandikia ukurasa mzima, kwa upendeleo wa wazi ambao sijutii.

Lakini moyo wa yote ulikuwa banda la Mama Goreti. Jina lake la ubatizo ni Konsolata. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi wakikimbia mauaji, wakapitia kambini kwanza, na yeye akazaliwa Makere, akakulia humo akilima muhogo na maharage. Uraia aliupata pamoja na mama yake na ndugu zake. Binti yake, Goreti, alisomea ualimu hapo hapo chuoni, kisha akapangiwa shule huko Kitanga. Kwa hiyo mwanamke aliyekuja kuitwa mgeni alikuwa ameipa nchi mwalimu, jambo ambalo baadhi ya waliomhoji hawajalifanya.

Alipika ndizi za mawese na maharage, ugali wa muhogo kwa migebuka iliyokaushwa, samaki wa Ziwa Tanganyika, na chai ya tangawizi iliyokuwa kali kiasi cha kumtoa mtu mafua. Ukuta wake wa udongo aliupaka chokaa kila mwezi wa Julai, akawaachia wanachuo. Waliandika mashairi kwa mkaa, walichora kwa udongo mwekundu, walibishana kwa mishale na alama za mshangao. Jumamosi alasiri kila mtu alisimama na kusoma alichoandika, na Mama Goreti aliamua nani apewe sahani ya ziada. Alikataza mambo mawili tu: matusi na majina ya vyama. Mwaka ukiisha, chokaa mpya. Kila kitu kinafutwa, wanaanza upya. Nilimwuliza kama haoni uchungu kuyafuta mashairi mazuri.

"Yakiwa mazuri wameyashika kichwani," alisema. "Yakiwa mabaya chokaa imewasaidia."

Neno lile lilifika mwaka 2012. Neema alikuwa mwaka wa kwanza, mtoto wa Dar es Salaam, mcheshi, hodari wa brashi. Yeye na wenzake walianza kukaa bandani kuanzia Ijumaa baada ya vipindi mpaka Jumapili jioni. Nilipopita kuwahimiza warudi bwenini wakanijibu kwa pamoja, "Madamu, tumepiga kambi! Hatung'oki hadi maharage yaishe!" Juma lililofuata, juu ya mlango, kwa herufi nyekundu zenye urefu wa mkono, Neema akawa ameandika: KAMBINI. Wanachuo wakalipokea jina, na chokaa ya Julai ilipolifuta, Neema akaliandika upya. "Tukutane Kambini." "Nimekula Kambini." Mimi nami nikacheka. Lilikuwa neno la vijana wenye njaa na furaha.

Ila tulikuwa Kasulu. Huko kwetu mtu akisema "kambini" hakuna anayefikiria mapumziko. Neno lina maana moja: mahema, foleni, kadi ya kuchukulia chakula, na watu ambao hawaruhusiwi kwenda wanakotaka. Binti wa Dar es Salaam hakulijua hilo. Mimi nililijua. Nimezaliwa Kibondo, nimeyaona mahema hayo yakijaa na kung'olewa mara zaidi ya moja.

Nilipotayarisha kijitabu cha mwaka 2013 nilikwenda kumsomea ukurasa wake, kama nilivyofundishwa. Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Nikasoma: "Kambini, kwa Mama Goreti, ndipo pa kula, kusoma shairi na kusahau nyumbani." Vidole vyake vikasimama.

"Mwalimu, andika 'kwa Konsolata'. Hilo lingine liache."

"Ni mzaha wa wanachuo, Mama Goreti. Wanapapenda kwako."

"Ego, ndiyo, najua wanapapenda. Lakini neno hilo si la kuchezea huku kwetu."

"Wewe ni raia, una cheti chako. Nani atakusumbua kwa ajili ya neno?"

Alinitazama, halafu akarudi kwenye ungo wake. "Haya, Mwalimu. Wewe ndiye unayejua mambo ya maandishi."

Someni tena hapo, enyi wenzangu vijana, maana hapo ndipo penye somo. Nilimsomea, hakukubali, na bado nilikwenda nikapiga stensili. Nilijiambia amekubali kwa sababu alisema "haya". Miaka yote niliyofundisha Kiswahili nilijua "haya" hiyo ni ya mtu aliyechoka kubishana na mkubwa. Nilipenda jinsi sentensi yangu ilivyosikika. Hiyo ndiyo sababu, na sina nyingine.

Nakala za kwanza, zile za walimu na za ofisi, nilizitoa mwisho wa Agosti, kila moja na muhuri wa ofisi ya ulezi. Wiki mbili baadaye Neema aliingia bila kubisha hodi.

Nilinawa, wino haukutoka, nikaenda moja kwa moja kwa Makamu wa Mkuu wa Chuo. Makamu alikuwa mtu nadhifu aliyependa jalada lililofungwa vizuri, na kila siku ya kazi saa nne alikula chapati mbili kwa maharage bandani kwa Mama Goreti, akikaa mahali pamoja, akiegemea ukuta ule ule. Aliponiona mlangoni nina wino mpaka kwenye viwiko alisimama.

"Mwalimu, keti kwanza."

"Siketi. Wamelijuaje banda?"

"Tuliombwa orodha ya sehemu zinazokusanya watu jirani na chuo. Mimi sikuandika jina la mtu yeyote."

"Uliandika nini?"

"Sikuandika. Nimeambatisha tu."

"Umeambatisha nini?"

"Kijitabu chako," alisema taratibu. "Ni hati rasmi, kina muhuri. Nilipigia mstari tu."

"Jana saa nne ulikula wapi, Makamu?"

Akatazama dirishani. "Hilo ni suala lingine."

Nimekutana na watu wabaya katika kazi yangu, na naweza kusema wengi wao walichoka mapema. Wanaodumu ni hawa wa "nimeambatisha tu". Mkono wake haukuandika chochote, kwa hiyo usiku analala. Nilimwambia hivyo, kwa lugha ambayo baadaye alieleza kwa maandishi kuwa haikuwa ya kiutumishi. Kweli haikuwa.

Ofisi walikomweka ilikuwa nje kidogo ya mji. Nilipokewa na ofisa kijana, mpole, mwenye kalamu tatu mfukoni.

"Shikamoo, mama. Huku hatufanyi kazi kwa hisia," alisema. "Ukutani imeandikwa 'Kambini'. Kwenye kijitabu cha chuo imeandikwa 'Kambini'. Sasa hiyo ni kambi ya nani?"

"Ya wanachuo. Wamepiga kambi kwa sababu ya maharage."

"Maharage?"

Akaandika. Nilimwona kwa macho yangu akiandika neno "maharage" na kulipigia mstari.

"Tumemwuliza mwenyewe kwa nini kwake kunaitwa hivyo, amesema hajui."

"Hajui kwa sababu si yeye aliyepaita. Nimepaita mimi."

"Na matamshi yake, mama. Tumemwambia aseme 'lori', amesema 'rori'."

Hapo nilikaa. "Mwanangu," nikamwambia, "mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na nimezaliwa Kibondo. Mpaka darasa la saba nilisema 'rori'. Toka hapo nje usimame sokoni nusu saa. Ukimkamata kila anayesema 'rori', hilo gari lenu litafanya safari mpaka Krismasi."

Hakucheka. Sikuwa nimekusudia acheke. "Lete cheti chake," alisema. "Cheti hakina matamshi."

Kwa haki, ndilo neno la maana lililosemwa na mtu wa ofisi wiki ile. Waliniruhusu kumwona kwa dakika chache. Alikuwa ameketi kwenye benchi, kanga ya jikoni kiunoni. Hakunilaumu. Aliniambia cheti kiko Makere kwa mama yake, ndani ya kopo la maziwa, chini ya magunia ya maharage. Simu ya Goreti huko Kitanga haikupatikana. Nikachukua bodaboda.

Nilifika Makere vumbi limenijaa kope. Mama yake Konsolata, bibi mfupi mwenye mgongo uliopinda, alikuwa anaanika muhogo mbele ya nyumba. Niliruka kutoka kwenye pikipiki kabla haijasimama sawasawa.

"Bibi, nipe cheti cha Konsolata, haraka, kile cha kwenye kopo!"

Aliendelea kuanika. Akageuza kipande kimoja, akageuza cha pili.

"Huyu ni nani anayepiga kelele uani kwangu?"

"Ni mwalimu wa chuo, Bibi. Konsolata ana shida."

"Mwalimu wa wapi? Kwao hawasalimiani?"

"Kibondo, Bibi."

"Ahaa. Nilidhani Kibondo wanasalimiana."

Niliinama. Nikagonganisha viganja, nikamwuliza habari za nyumba, za watoto, za shamba, na machozi yananitoka, na yeye akanijibu moja moja bila kuruka hata moja. Mimi, mwenye ukurasa wa kwanza. Tulipomaliza alikaa chini kwenye mkeka, akasema, "Sasa sema." Nikasema yote: banda, kijitabu, neno. Sikujitetea, maana alikuwa amenimaliza nguvu za kujitetea.

Alijipangusa unga wa muhogo mikononi. Kisha akasema, "Neno hilo sisi tulitoka ndani yake kwa miguu, nikiwa na mimba yake. Wewe umemrudishia kwa karatasi."

Aliingia ndani, akarudi na kopo. Cheti kilikuwa kimefungwa kwenye karatasi ya nailoni, na nailoni imefungwa kwa uzi, mafundo manne. Alikataa nikate. Aliyafungua yote kwa vidole vyake.

Cheti nilikifikisha Jumapili. Walikihakiki, wakasubiri mwenye kusaini arudi safari, wakakihakiki tena. Konsolata alitoka Alhamisi asubuhi. Walimrudishia mali yake kwa fomu. Mwiko ulikuwa umeorodheshwa kama "kijiti kimoja". Alimsalimia ofisa, akamsalimia mlinzi wa mlangoni, akanigeukia mimi mwisho.

"Mwakeye, Mwalimu."

Nikajibu.

Tulitembea hadi chuoni, na banda halikuwepo. Jumanne, akiwa bado ndani, kikundi cha vibarua kilikuwa kimetumwa na chuo kulibomoa "kwa sababu za kiusalama". Sababu zilikuwa zimeandikwa kwenye barua, na barua nayo ilikuwa na kiambatisho. Palibaki mafiga, masizi, na lundo la udongo la mita moja hivi lililokuwa ukuta. Juu yake kipande chenye chokaa na herufi mbili nyekundu. Wanachuo walikuwa wamesimama pembeni. Neema alipiga magoti.

"Mama, nisamehe. Ni mimi niliyeliandika."

Konsolata akamwinua kwa mkono. "Wewe uliandika ukutani, mwanangu. Julai ningepaka chokaa."

Hakunitazama aliposema hayo. Hakuhitaji. Aliokota sufuria yake moja iliyobonyea, akaomba bodaboda, akaenda Makere. Walimu watatu walimfuata baadaye kumwomba arudi. Aliwapa ndizi, akawasalimia vizuri, akakataa.

Hakuna ofisi iliyomwomba radhi. Makamu alianza kula kwenye kibanda kingine, karibu na geti, na nilimsikia akilalamika kuwa maharage yao hayaivi. Hasira yangu ya siku ile bado ninayo. Nimeihamishia Kibondo pamoja na vitabu, na haijapungua uzito. Vijana hunishauri niiachilie kwa ajili ya afya. Nawajibu kuwa nina shinikizo la damu la kawaida kabisa, daktari amepima.

Lakini hasira nayo ina udanganyifu wake. Wiki zilizofuata niliandika barua tatu kali kwa ofisi tatu, na nikampelekea Bi. Mwajuma azipitie. Alikuwa amekwishastaafu, anaishi karibu na msikiti, macho yamefifia, kwa hiyo nilimsomea.

"Rudia hapo," alisema. "'Neno liliandikwa.' Liliandikwa na nani?"

"Bi. Mwajuma, ni lugha rasmi tu."

"Mwalimu wa Kiswahili ananiambia kitenzi hakina mtendaji! 'Kijitabu kilisambazwa.' 'Hali ilitokea.' Huyo Makamu wako ameambatisha, na wewe umetendwa-tendwa. Mnatofautiana nini?"

Nikaichukua barua ya pili.

"Halafu unawaandikia hao kwanza kwa nini? Waliokukosea ni wao, au uliyemkosea ni yeye?"

Nilikunja zile tatu. Nilipiga ya nne kwa taipureta, moja kwa moja kwenye stensili, bila dawa nyekundu mezani. Kwa miaka yote nilikuwa nimewafundisha wanachuo muundo wa barua ya kikazi. Nilitaka Konsolata apate iliyo kamili, yenye kila kitu mahali pake, kwa kuwa alitiwa ndani kwa hati rasmi. Niliimaliza kazi ya ulezi mwaka huu, na katika makaratasi yangu yote hii ndiyo pekee ninayotaka ibaki kwenye mikono yenu. Ilitoka kama ifuatavyo.

Ofisi ya Ulezi,
Kasulu,
25 Oktoba 2013.

Bi. Konsolata,
Makere.

YAH: NENO NILILOLIANDIKA

Mwakeye. Habari za nyumba? Mama yako hajambo? Goreti hajambo huko Kitanga? Maharage yameota? Nitangoja jibu la hayo kwanza, na hata lisipokuja nitakuwa nimeuliza.

Husika na kichwa cha barua hapo juu.

Mwezi Agosti nilikuja kwako, nikakusomea ukurasa wa saba. Uliniambia nisiandike neno "Kambini". Niliandika. Nilijua maana yake huku kwetu, nikaliandika. Nililitia muhuri, nikaligawa. Mtu mwingine alilipigia mstari na watu wengine walilitumia, nao nitawaandikia kwa wakati wao. Barua hii ni ya kwangu mimi.

Ulisema mimi ndiye ninayejua mambo ya maandishi. Wewe ndiye uliyeyajua.

Nimechoma stensili ya ukurasa ule. Nakala nilizokuwa nimezigawa nimezikusanya moja moja kwa mkono, isipokuwa ile iliyo kwenye jalada la ofisi, ambayo wamekataa kunirudishia. Kwa kuwa siwezi kuitoa humo, naomba hii iwekwe nyuma yake.

Kijitabu sasa kinasomeka hivi: "Kwa Konsolata, mzaliwa wa Makere, raia. Alipika hapa hadi Septemba 2013. Chuo kilibomoa. Ukimkuta, salimia kwanza."

Siombi unijibu.

Mwalimu Domitila,
Mlezi wa Wanachuo.

Nakala:
Mkuu wa Chuo.
Makamu wa Mkuu wa Chuo: ambatisha.
Ofisi iliyomhoji.
Wanachuo wapya wote, badala ya ukurasa wa saba.